Damu ya Mende Katika Chumba cha Laini Saba

Mwalimu wangu mpendwa,

Nimekutafuta. Shuleni waliniambia ulihamishwa mwaka ule ule na faili lako likakufuata, wasijue lilikoishia. Kawangware nilikwenda mara mbili, mpaka kwenye ploti ya dada yako, ile ya geti la kijani. Nikaambiwa wapangaji wote wa wakati ule wametawanyika na vyumba vyenyewe vimebomolewa, pamesimama ghorofa. Namba yako ya simu sasa ni ya mwanamume mmoja wa Eldoret, mpole kabisa, ambaye kila nikipiga huniambia, "Bado ni mimi, dada." Ndiyo maana naiandika barua hii wazi. Huenda mtu akaisoma akasema, huyu si Mwalimu Wairimu aliyefundisha Biolojia kule Kibera, karibu na Olympic? Akakufikishia.

Nina ujumbe wako kutoka kwa Mama Achieng, yule jirani yetu. Amefariki, Mwalimu. Kabla hajafa alinituma kwako, na ujumbe wa marehemu haukaliwi. Lakini nikikupa maneno yake hivi hivi yatakuumiza bure. Acha nianzie mbali kidogo.

Unakumbuka Kidato cha Tatu? Hadubini ilikuwa moja, na darasa zima tulipanga foleni mpaka nje. Zamu yangu ilipofika nilitazama nikaona kope zangu tu. Niliona haya kusema. Nilirudi kwenye dawati nikachora seli za kitunguu nilizozinakili kutoka kwa daftari la Achieng, na wewe ukanitilia alama ya vyema. Hilo sijawahi kukuungamia. Nilimaliza mwaka mzima nikiamini kwamba hadubini ni kitu cha watu wengine, watu waliozaliwa na macho ya aina fulani.

Kisha ikaja tarehe thelathini Desemba.

Matokeo ya uchaguzi wa rais yalitangazwa jioni, jua likiwa bado juu ya mabati. Kelele iliyoinuka Kibera siwezi kuifananisha na kitu. Ilianzia upande wa reli ikaja kama upepo, nyumba kwa nyumba, halafu ikageuka ikawa vilio na vishindo vya mawe. Mama na mimi tulikuwa peke yetu chumbani kwetu Laini Saba. Baba na wadogo zangu walikuwa wamekwenda Kitui kwa Krismasi. Mama alibaki kwa kuwa tajiri aliyekuwa akimfulia hakumpa likizo. Tulitia komeo, tukasukumia meza mlangoni. Moshi ulikuwa umeanza kuingia chini ya mabati tuliposikia mtu akigonga kwa kucha, si kwa ngumi.

Ulikuwa wewe, umejitanda leso, na mgongoni umebeba mtoto. Mama alikutazama wewe, akautazama mgongo wako.

"Mwalimu, huyu mtoto ni wa nani?"

"Ni wa shule," ulisema.

Ilikuwa hadubini. Ulikuwa umeichukua likizo ile uikaze skrubu zilizolegea. Watu walipovunja mlango wa chumba chako ulitokea dirishani nayo peke yake, ukaifunga mgongoni, ukapita katikati ya vijana waliokuwa wakiuliza watu majina, ukiipigapiga na kuiimbia kama mama anayebembeleza. Hakuna aliyekusimamisha. Mama alikuuliza kwa nini hukubeba angalau nguo. Ukajibu, "Nguo ni zangu. Hii ni ya watoto."

Wewe ulikuwa Mkikuyu kama rais aliyetangazwa mshindi, majirani wengi wa laini yetu walikuwa Wajaluo kama mpinzani wake, sisi Wakamba tulikuwa katikati, na kila mtu alijua maana ya kuficha mtu siku ile. "Ingia, usisimame mlangoni," alisema. Akakutilia maji ya kuoga kwenye karai, kama mgeni yeyote.

Ulilala nyuma ya pazia letu la kitanda siku nyingi kuliko tulivyotarajia. Tulizungumza kwa kunong'ona. Ukitaka kukohoa ulikuwa unauma mto. Kati yetu na Mama Achieng kulikuwa na ukuta wa mabati tu. Tulisikia redio yake, kijiko chake kikigonga sufuria, hata akipiga miayo. Kwa hiyo siku ya tatu tulisikia pia alipoletewa habari za ndugu yake, Ouma, aliyekuwa amekwenda kununua mkaa ng'ambo ya reli. Risasi ya polisi ilimpata akirudi na mkaa wake kichwani. Mama Achieng alilia kilio ambacho hata leo nikikikumbuka huacha ninachofanya.

Wewe ulijiziba mdomo kwa mikono miwili. Machozi yalipita kati ya vidole. Ouma alikuwa akimleta Achieng shuleni kila mwanzo wa muhula, ulimfahamu. Uliponyamaza uliniambia, "Nenda umpe pole. Umpe na yangu, bila jina."

Nilikwenda na majani ya chai kwenye karatasi. Nilimpa pole mara mbili. Alinitazama kidogo, nikafikiri anashangaa kwa nini mara mbili.

Hofu ya siku nyingi huchosha, Mwalimu, wewe unajua. Mtu hawezi kuogopa kutwa kucha. Mahali fulani mwili unakataa. Asubuhi moja nilikuwa nimekaa sakafuni natazama mende akipanda mguu wa meza, nikavua kandambili nimpige. Ukanishika mkono.

"Usimuue. Niletee mzima."

Nilidhani umeanza kuchanganyikiwa. Ulimwekea bilauri juu yake, ukamwosha kwa pamba yenye sabuni kama mama anayemwosha mtoto masikio. Halafu uliifungua leso ukaitoa hadubini. Ilikuwa ile ya zamani isiyotaka stima, yenye kioo chini cha kunasa mwanga. Jua la saa nne lilikuwa linaingia kwenye mwanya kati ya ukuta na bati. Ukategesha sahani nyeupe ipokee jua, kioo kikapokea kutoka kwa sahani, maana jua lenyewe, ulisema, lingetupofusha. Ukakata ncha ya kipapasio cha yule mende kwa wembe. Kikatoka kitone. Maji matupu, niliona.

"Hii ni damu yake," ulisema. "Si nyekundu kwa sababu haina kazi ya kubeba hewa. Wala haina mishipa kama yetu, inaogelea tu mwilini. Sasa tazama."

Nikatazama. Nikaona kope zangu.

Nilitaka kudanganya tena, Mwalimu. Lakini chumba kilikuwa kidogo na wewe ulikuwa karibu mno. Nikasema, "Sioni kitu." Hukukasirika. Ulinishika kichwa kwa viganja viwili ukakirudisha nyuma kidogo, upana wa kidole. "Usilibandike jicho. Na hilo la pili liache wazi." Mwanga ukafunguka. Ndani yake kulikuwa na vitu mviringo, vyenye chembechembe tumboni, vimekaa kimya kama mawe mtoni. Nikavitazama sana. Kimoja kikatoa mguu.

Nilipiga kelele. Mama akanifunika mdomo na gauni alilokuwa anakunja.

Kilikuwa kimetoa kitu kama ulimi, chembamba, kikakibandika kwenye kioo. Kikatoa cha pili. Polepole kikajitandaza kama chapati kwenye kikaango, lakini chapati inayojua inakokwenda. Ukaniambia hizo ndizo seli za kinga za mdudu. Mende hana chanjo, hana kingamwili kama zetu, hana daktari. Anatembea chooni na kwenye taka na kwenye sahani zetu, na kinachomlinda ni ngozi yake ngumu, dawa zilizo ndani ya damu yake, na hawa askari wasio na macho.

"Wasio na macho wanamjuaje adui?" nilikuuliza.

"Wanagusa," ulisema. Ukanieleza, na mimi nikasahau moshi. Ukuta wa bakteria umejengwa kwa kitu ambacho hakimo popote katika mwili wa mende, hata ungemsaga wote. Kuna protini zinazoelea kwenye damu ambazo hukinasa kitu hicho na kukishikilia, kama pete inavyoingia kidoleni. Seli nayo ina vishikio vyake juu ya ngozi yake. Kishikio kimoja kikinasa, cha jirani kinanasa, kinachofuata kinanasa, na ngozi ya seli inapanda juu ya bakteria kutoka kila upande mpaka inakutana na kujifunga. Bakteria anajikuta ndani ya kifuko. Humo anamwagiwa asidi na vimeng'enya mpaka anayeyuka.

"Nani aliyeifundisha?"

"Hakuna. Imezaliwa ikijua. Na wewe unazo seli zinazofanya kazi hiyo hiyo, Mwende, saa hii, kwenye kile kidonda chako cha goti. Kazi hii ni ya zamani kuliko damu nyekundu. Ilikuwepo kabla dunia haijawa na kiumbe wa kuitazama."

Ulitaka nione kwa macho yangu. Hatukuwa na chochote cha maabara, ukaanza kutafuta jikoni. Ulichukua uji uliochacha, ukauchuja kwa kitambaa mara tatu, ukasema humo ndimo bakteria walimo na hawana madhara. Ukauchemsha uwaue. Ukawatia rangi kwa ile dawa ya zambarau ambayo Mama alikuwa akitupaka vidonda vya mdomoni. Ukawaacha watuame kwenye chupa, ukamwaga maji ya juu, ukatia maji safi ya chumvi, ukawaacha tena. Siku mbili nzima tulikuwa na kazi! Mama alikuwa anapita juu yetu akitikisa kichwa. "Huko nje watu wanachomewa nyumba, na nyinyi mnapika wadudu." Lakini nilimwona akiinama kuichungulia chupa akidhani tumelala.

Ni katika siku hizo nilipokuuliza lile swali. Nilisema, "Mwalimu, hata hawa wa barabarani si wanasema hivyo hivyo? Kwamba wanajua nani ni wao na nani si wao?"

Uliliondoa jicho kwenye hadubini. Sijakuona umekasirika vile kabla wala baada.

"Mwende, usiwahi kusema hivyo. Mtu si kijidudu. Wote wanaoua watu, wawe wa kabila langu au la kwao, huanza kwa kuwaita wadudu. Hii hapa ni damu ya mende. Usiitoe kwenye kioo chake."

Nimeishika amri hiyo, Mwalimu. Kwa ajili ya kazi yangu nimeombwa hotuba na nimealikwa redioni, na kila mara mtangazaji akitaka kunisukumia mfano huo nimemwambia hapana.

Halafu tukasikia kwenye redio kwamba mkubwa mmoja wa Wakamba ameingia katika serikali ya yule aliyetangazwa mshindi. Tulikuwa tunakula. Mama aliacha tonge mkononi. Kufikia asubuhi mtaani palikuwa na maneno mapya, kwamba Wakamba nao ni wasaliti, na jirani aliyekuwa akitusalimia kila siku alipita akitazama mbele. Chumba chetu hakikuwa tena katikati ya chochote. Mama alianza kufunga mizigo, kisha akaifungua, kwa maana tungekwenda wapi na wewe?

Asubuhi hiyo hiyo bakteria wetu walikuwa tayari. Nadhani uliifanya kazi ile ili mikono yako ipate la kufanya. Ulichanganya kitone cha damu ya mende na kitone cha maji ya zambarau, ukakifunika kwa kioo chembamba, ukakiweka ndani ya sufuria yenye kitambaa kibichi kisikauke. "Nusu saa," ulisema.

Mlango ulikuwa haujatiwa komeo. Mama alikuwa ametoka kumwaga maji. Mama Achieng akaingia kuomba kaa la moto. Alizoea kuingia bila hodi, nasi tulikuwa tumesahau mazoea hayo. Pazia lilikuwa wazi.

Alisimama na koleo yake ya moto mkononi. Wewe hukujificha. Ulisimama kama mtu anavyosimama mkuu wa shule akiingia.

"Nilijua," alisema. "Mama Mwende, unga wenu unaisha kama wa watu watatu." Mama alikuwa amerudi, yuko mlangoni nyuma yake, ndoo tupu mkononi. Mama Achieng akaitazama meza. "Na hii ni nini?"

"Ni damu ya mende," ulisema. Sauti ilikutoka nyembamba.

"Damu ya mende." Alicheka, lakini si kicheko. "Ndugu yangu amelala mochari, siwezi kumpeleka nyumbani kwa sababu barabara zimefungwa. Na nyinyi hapa mnatazama damu ya mende."

"Pole, Mama Achieng," ulimwambia. "Pole yangu ilikufikia. Haikuwa na jina."

Alinigeukia mimi. Nikaona ameikumbuka ile pole ya pili. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia: aliiweka koleo chini, akainama, akaweka jicho. Ulikuwa umekiacha kioo kingine pale, cha jana. Alitazama kwa muda mrefu, mgongo wake mpana ukituzibia mwanga.

"Naona matope," alisema. Akachukua koleo, akatoka bila moto.

Mama aliketi kitandani akaanza kuomba kwa Kikamba, maneno yakifuatana bila pumzi. Tulimsikia Mama Achieng akifunga mlango wake kwa kufuli. Tukazisikia hatua zake zikielekea upande wa reli, ambako vijana walikuwa wameweka kizuizi cha mawe na matairi. Hapakuwa na njia ya kukutoa mchana kweupe. Hapakuwa na kitu cha kufanya kabisa.

Na wewe, Mwalimu, ukafunua sufuria.

Ukakiweka kile kioo chini ya lenzi. Ukazungusha, ukazungusha, ukatulia. Nikaona bega lako likishuka. "Mwende," ukasema, "njoo. Njoo upesi."

Niliikimbilia lenzi hata kope zikaipiga. Kisha nikaona. Seli ilikuwa imejitandaza, angavu kama tone la mafuta, na ndani yake, ndani kabisa, vijiti viwili vya zambarau. Kando yake cha tatu kilikuwa nusu ndani nusu nje. Ukingo wa seli ulikuwa umekipanda kama midomo. Nilikaa hapo sijui muda gani. Kile kijiti kiliingia. Hakikuvutwa kwa nguvu, kiliingia kama mtu anavyoingia usingizini, na ukingo ukajifunga nyuma yake pasibaki hata alama. Ilikuwa damu iliyokwisha kutoka mwilini. Mende mwenyewe alikuwa chini ya bilauri, hana habari. Na bado seli ile, peke yake juu ya kioo, katika nchi isiyo yake, ilikuwa inaendelea na kazi iliyopewa kabla ya dunia kuwa na macho.

Nililia, na si kwa hofu. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nikidhani tutakufa jioni ile, na nilikuwa nimejaa furaha mpaka kooni. Sijapata kumweleza mtu jambo hilo akalielewa. Wewe ulielewa, kwa sababu nilipogeuka nilikuta na wewe unalia, na umetabasamu.

"Umeona?" uliniuliza.

"Nimeona."

"Basi."

Mama Achieng alirudi jua limeanza kulegea. Safari hii alibisha hodi. Alisimama ndani ya mlango, akazungumza haraka kana kwamba anasoma.

"Kesho asubuhi mapema. Hao vijana wa reli asubuhi wanakuwa wamelala. Tutapitia Olympic mpaka Ngong Road. Una watu Kawangware?"

"Dada yangu."

"Mimi nitakuvusha huku. Huko kwenu utanivusha wewe. Mwende atakuja nasi, watatu hawafanani na watu wanaokimbia. Hiyo mashini ibaki."

Uliitwa mke wa Ouma asubuhi ile. Mama Achieng alikufunga kitambaa cha msiba kichwani na kukuambia usifungue mdomo, Kiswahili chako kingekufichua. Pale karibu na Olympic vijana wanne walikuwa macho kinyume cha hesabu zetu. Mmoja akamsalimu kwa Sheng, "Mathe, niaje? Na huyo ni nani?"

"Wewe humwoni amefiwa?" Mama Achieng alimjibu. "Huyu ni bibi ya Ouma. Ama unataka nimwambie akulilie hapa?" Akakushika mkono, akakusemesha Kijaluo njia nzima, kwa sauti ya kawaida, kama anayekusimulia mambo ya shamba, na kila mara akikuita *nyamera*, dada yangu. Nawe ukawa unaitikia kwa kichwa. Walitupisha. Mmoja alivua kofia.

Baada ya Dagoretti Corner mkabadilishana. Nililiona kwa macho: yeye alipunguza mwendo, wewe ukatangulia. Huko waliokuwa wakiwindwa ni watu wa kwao. Tulipita duka lililoungua, bado linafuka, na viatu vya mtoto vimetupwa barabarani, na sikuuliza ni vya nani. Mama Achieng alikuwa ameng'olewa meno ya chini ujanani kama desturi ya kwao ya zamani, na kuongea tu kungetosha kumfichua. Ukamfunga leso taya yote kama mgonjwa wa jino. Wanaume waliokuwa na mapanga walitusimamisha hatua chache tu kutoka kwenye geti la kijani. Ulisema nao Kikuyu, kwa ukali, kama unavyosema na wanafunzi waliochelewa. Neno nililolishika ni moja, *mwari wa maitu*, mtoto wa mama yangu, na mkono wako ulikuwa begani mwake.

Dada yako alitupa chai. Kisha, ingawa alikusihi usitoke tena, ulitusindikiza kurudi mpaka pale Corner. Mlisimama nyinyi wawili mkitazamana, hamkukumbatiana. Ulimwambia "Asante," naye akasema, "Nenda, kabla vijana hawajaizoea sura yako." Hiyo ndiyo mara ya mwisho nilipokuona: ukitembea upesi kando ya barabara, mgongo mtupu.

Shule ilipofunguliwa niliirudisha hadubini. Nilikuulizia kwa mwalimu mpya aliyekuja, hakujua ulikopelekwa. Na mimi, Mwalimu, sasa ni fundi sanifu wa maabara ya wadudu nje kidogo ya Nairobi. Kazi yangu ni hiyo hiyo ya siku ile. Tunawatia bakteria rangi inayong'aa kijani, tunawaona katika giza la lenzi wakizama ndani ya seli za mbu kama taa za mji zinazomezwa na ukungu. Wewe ulisema "vishikio" kwa kuwa hukujua majina yake; siku hizi mengi yana majina. Iko protini moja ambayo mdudu huunga vipande vya maagizo yake kwa namna tofauti maelfu, kila namna na umbo lake, na seli huzitumia kushika. Maelfu, kwenye mbu! Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilisimama nikatoka nje, nikatembea kuzunguka jengo. Nilitaka kukupigia. Akapokea yule wa Eldoret. Nikamwambia yeye. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mungu ni fundi, dada."

Mama yuko Kitui, mzima, anakusalimu.

Sasa huu ndio ujumbe.

Mama Achieng aliugua muda mrefu, na nilikuwa nikienda kumwona Laini Saba kila nikipata nafasi. Alasiri moja Achieng alikuwa ametoka kununua dawa. Akanishika mkono.

"Siku ile nilitoka kwenu bila moto. Unajua nilikokwenda?"

Nilimwambia alikwenda kuangalia njia.

"La. Nilikwenda kumuuza Mwalimu. Nilifika mpaka kwa vijana. Walikuwa wamekaa juu ya matairi. Kila nilichokuwa nacho moyoni kilikuwa ni Ouma na ule mkaa wake. Nikafungua mdomo niwaambie yuko kwa nani. Nikajisikia mwenyewe nawauliza, 'Hii njia ya Olympic, asubuhi inapitika?'"

Nilimuuliza ni nini kilimzuia. Nilitaka, Mwalimu, nakiri, nilitaka iwe ni ile hadubini. Au ile pole. Aliyainua macho kwenye bati.

"Sijui, mtoto wangu. Nimejiuliza miaka yote. Hakuna kitu kilichonizuia. Nilifungua mdomo, likatoka lingine. Ukimpata Mwalimu mwambie nilikwenda kumuuza. Asinisifu kwa jambo asilolijua. Mwambie na kwamba sikumuuza. Yote mawili umwambie, usichague."

Nimekwambia yote mawili.

Nimekaa na jambo hilo tangu tulipomzika. Kazini kwangu nikiona seli imeshika naweza kukuonyesha kilichogusa na kilichoguswa, na ngazi kwa ngazi jinsi neno lilivyopita mpaka ndani. Lakini mwanamke aliyefiwa amesimama mbele ya watu wenye mawe, amefungua mdomo, na kati ya pumzi na neno jambo limegeuka. Hapo sina lenzi, Mwalimu, na nimeacha kuitafuta. Ninachoweza ni kuvua viatu, kama mtu aliyefika mahali patakatifu. Alituvusha. Tuko hai, wewe popote ulipo, na mimi.

Kaburi lake liko kwao, Siaya, upande wa kushoto wa nyumba, jirani na la Ouma. Achieng anasema ukija utalala kitandani kwa mama yake.

Mwanafunzi wako,
Mwende wa Laini Saba